Farasi wa Baharini Ndani ya Vikapu vya Waya

"Dada, usiangalie majani. Angalia kwenye mawe, pale waya ulipopinda."

Mdogo wangu alikuwa ameinama ukingoni mwa mfereji, kidole kakinyoosha kuelekea majini. Maji yalikuwa yanapwa. Nilichokiona kwanza ni kikapu kipana cha waya kilichojazwa mawe, kile ambacho mafundi wetu wa barabara wanakiita gabioni, kimelazwa ukingoni ili ardhi isimomonyoke. Waya ulikuwa umeota mwani wa kijani kibichi. Nikakodoa. Halafu kipande kimoja cha ule mwani kikageuza jicho.

Alikuwa farasi wa baharini. Urefu wake haukufika kidole changu cha kati. Mkia alikuwa ameuzungusha kwenye waya, wala hakujali kivuli chetu.

Tulikuwa Knysna, pwani ya kusini ya Afrika Kusini, kwenye mifereji iliyochimbwa kuzunguka nyumba za kifahari za Thesen Islands. Aina ile ya farasi wa baharini, Hippocampus capensis, haipatikani popote duniani isipokuwa kwenye milango ya mito mitatu: Knysna, Swartvlei na Keurbooms. Kwa gari, asubuhi moja inatosha kuipita yote mitatu na ukapata muda wa kunywa chai njiani. Dunia nzima ya kiumbe huyu ni hiyo.

Nimerudi Dar es Salaam wiki kadhaa sasa, na picha ile haijaniachia. Kinachonisumbua hasa ni ule waya.

Kila mara nimekuwa nikisema, kwenye mazungumzo na kwenye blogu hii, kwamba kiumbe asiyepatikana kwingine anastahili mahali pake palindwe kama palivyo. Sasa nimemwona kwa macho yangu, mmoja wa samaki adimu kabisa barani Afrika, ametulia kwenye waya wa kiwandani na mawe ya mjenzi. Kama anaweza kuishi hapo, tunapodai makazi yake yalindwe, tunadai nini?

## Wageni wengi, wenyeji wachache

Sisi tuliokulia karibu na delta ya Rufiji tunajua kwamba mlango wa mto ni mahali pa wapita njia. Kamba huzaliwa baharini, huja kukulia kwenye mikoko, kisha hurudi. Mkizi huingia na kutoka. Kiumbe anayeweza kuvumilia maji yanayobadilika chumvi mara mbili kwa siku, na kubadilika tena kabisa masika yanapoanza, anaweza kuvumilia karibu mlango wowote wa mto. Ndiyo maana wengi wao wametapakaa pwani ndefu sana, kutoka nchi hadi nchi.

Kwa hiyo anapotokea mmoja ambaye anaishi kwenye milango mitatu tu, na nje ya hapo hayupo, kuna kilichomzuia kuondoka.

Kwa farasi wa Knysna, sehemu ya jibu iko mwilini mwake. Si muogeleaji. Anasukumwa na pezi dogo la mgongoni linalotetemeka haraka kiasi kwamba jicho haliwezi kulifuata, na mkondo ukizidi hana la kufanya ila kushika kitu kwa mkia. Hana tumbo la kuhifadhi chakula, hivyo anakula mchana kutwa, vijidudu vidogo vinavyopita mbele ya mdomo wake. Na mayai hayaachwi yakaelea. Mama huyaweka kwenye mfuko wa baba, baba akayabeba mpaka watoto watoke wakiwa wamekamilika, wadogo sana lakini wana mkia, wana mdomo, wanajitegemea.

Peter Teske na wenzake walipopima vinasaba vya farasi wa milango ile mitatu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliona kila mlango una ukoo wake. Majirani wa umbali wa saa moja kwa gari, lakini ni nadra mno watembeleane.

Ukifuata ukoo huo nyuma zaidi, unafika kwetu. Ndugu wa karibu wa farasi wa Knysna wamo kwenye kundi la Hippocampus kuda, ambalo limeenea Bahari ya Hindi na Pasifiki, pwani ya Afrika Mashariki ikiwemo. Nilipolisoma hilo nilikumbuka mara moja utoto wangu. Juya linavutwa upande wa Mafia, limejaa nyasi bahari, watoto tunachambua tasi na pono, na ndani ya nyasi anatokea mmoja au wawili, wakavu kuguswa hata wakiwa wabichi. Walikuwa wanaanikwa juani pamoja na majongoo ya bahari, halafu anakuja mnunuzi na gunia. Walikuwa wanakwenda Asia kwa dawa. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliwaingiza farasi wote wa baharini kwenye udhibiti wa biashara. Uamuzi ulipitishwa 2002 na kuanza kutumika 2004.

Kule Knysna si gunia la mnunuzi linalotisha. Kinachotisha ni udogo wa mahali.

Mwaka 1991, mlango wa Swartvlei ulipasuka. Swartvlei haiko wazi kwa bahari mwaka mzima. Mchanga huuziba mlango, maji yakajaa nyuma yake, kisha mlango ukafunguka na maji yakakimbilia baharini. Mwaka ule maji yalishuka ghafla, nyasi bahari zikabaki kwenye kina kifupi, jua likayachemsha. Farasi takribani 3,000 walikufa. Kwa spishi yenye milango mitatu tu, hasara ya namna hiyo haina pengine pa kufidiwa. Mdogo wangu anafanya kazi Sedgefield, mji uliopo pale pale Swartvlei, na dirisha la jikoni wanakofanyia kazi linatazama yale maji. Aliniambia kila mlango unapofungwa watu wenye nyumba za bondeni huanza kuulizana utafunguliwa lini.

## Furaha ya kwanza, na kilichoifuata

Mtafiti anayeitwa Louw Claassens aliwahesabu farasi wa mifereji ya Thesen na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Aligundua kwamba kwenye vile vikapu vya mawe wamesongamana kuliko kwenye nyasi bahari za asili.

Nililisoma hilo nikafurahi kwa dhati. Kiwanda cha mbao kilichokuwa kwenye kisiwa kile kwa miaka mingi kiliondolewa, mifereji ikachimbwa, visiwa vidogo 19 vikatengenezwa, na bila mtu yeyote kukusudia, samaki aliye hatarini kutoweka akapata mahali pa kushika mkia. Mwanya kati ya jiwe na jiwe unamficha. Mwani unaoota kwenye waya unavutia vijidudu anavyokula. Mkondo ndani ya mifereji si mkali.

Halafu nikamfikiria mtu mwingine akisoma utafiti ule ule. Mtu mwenye ramani ya mradi mezani, na mlango wa mto ulio mbele yake. Atasema: kumbe wanapenda waya. Basi tuchimbe.

Hapo furaha ikaisha, nikabaki na hoja ambayo sikuwa na jibu lake.

Nilijaribu kwanza kulikataa. Nikajiambia kwamba waya utaliwa na kutu, kwamba mifereji inategemea fedha za wenye nyumba, kwamba kitu kilichojengwa na binadamu hubomolewa na binadamu. Yote ni kweli. Lakini nyasi bahari nazo hupungua na kurudi, hufukiwa na mchanga wa mafuriko, hufunikwa na mwani wa kijani maji taka yanaporutubisha maji kupita kiasi. Hoja ya udhaifu haikunifikisha mbali.

Kilichonisaidia kidogo ni konokono.

## Anayeishi juu ya jani

Ndani ya maji hayo hayo ya Knysna yumo mwenyeji mwingine ambaye hakuna mtalii anayemtafuta. Anaitwa Siphonaria compressa, konokono mwenye gamba lisilofika sentimita moja. Anapatikana Knysna na lagoni ya Langebaan upande wa magharibi, basi. Anaishi juu ya jani la nyasi bahari iitwayo Zostera capensis, na gamba lake limebanwa pembeni, jembamba, kwa sababu jani lenyewe ni jembamba. Hapo ndipo anapokula na kutaga.

Huyu huwezi kumpa waya. Jani likiondoka, ameondoka. Langebaan walishaliona hilo: sehemu ya nyasi zilipotoweka, konokono naye akawa nadra kuonekana.

Jani lenyewe nalo ni letu pia. Zostera capensis inaota kutoka Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania, mpaka Kenya. Nimeikanyaga maisha yangu yote bila kujua jina lake. Kwetu haina konokono huyo.

Kwa muda nilidhani nimepata jibu: farasi ana bahati ya kuwa na mkia, konokono hana, kwa hiyo tulinde nyasi kwa ajili ya wote. Ningeweza kuishia hapo. Ila kuna jambo jingine nilikuwa nimelisoma usiku mmoja ambalo lilivuruga hesabu.

## Nyumba ni changa kuliko mwenyeji

Miaka takribani 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko ilivyo leo. Pwani ya kusini ya Afrika ilikuwa mbali sana huko mbele, kwenye ardhi ambayo sasa ni sakafu ya bahari. Pale tuliposimama mimi na mdogo wangu palikuwa bonde la bara lenye mto unaopita chini. Bahari ilipanda taratibu na kufika karibu na ilipo leo miaka kama 7,000 iliyopita.

Maana yake, mlango wa Knysna kama tunavyouona una umri mdogo. Na farasi ni mzee kuliko mlango wake.

Alikuwa wapi, basi?

Inaelekea alikuwa kwenye milango mingine, iliyokuwa mbele zaidi, ambayo bahari imeifunika. Bahari ilipokuwa inapanda, mahali mto unapokutana na chumvi palikuwa panarudi nyuma kuelekea bara, kizazi baada ya kizazi, na yeye alirudi napo. Hakuwahi kuwa mwenyeji wa ardhi ile. Nyasi alizozishika babu yake hazikuwa zikiota pale zinapoota leo, na wala miamba miwili mikubwa inayolinda mlango wa Knysna, ile wanayoiita Heads, haikuwa na bahari kati yake.

Nililala na wazo hilo nikaamka nalo. Nilikuwa nalinda ramani, na yeye hajawahi kukaa kwenye ramani.

## Mjomba anauliza

Nina mjomba Nyamisati ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye uvuvi wa kamba. Sasa macho yamepungua, hatoki tena, lakini bado anajua bamvua na maji mafu bila kuangalia mwezi. Nilimpigia simu kumjulia hali.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umerudi salama huko Sauzi?"

Nikamsimulia. Farasi wa baharini aliwakumbuka, akacheka kwa namna walivyokuwa wanaanikwa. Nikamweleza habari ya waya na mawe, nikamweleza na wasiwasi wangu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Huo mto wao," akasema, "unashusha maji?"

Nikamwambia unashusha. Mito ya kule inatoka kwenye misitu ya milimani, maji yake yana rangi ya chai ya rangi.

"Basi hao wana nafuu. Hapa kwetu kamba akikosa maji ya mvua humwoni, mikoko hata ikiwepo yote."

Tukaendelea na habari za nyumbani, mgonjwa fulani, harusi ya mtoto wa jirani. Lakini nilipokata simu nilikuwa nimeshaanza kusoma upya kila nilichokuwa nimekusanya, safari hii nikitafuta kitu kimoja tu: maji ya mto.

## Samaki aliyetangazwa amekwisha

Ukitoka Knysna ukafuata pwani kuelekea mashariki, unaingia jimbo la Eastern Cape, na mbele huko kuna mji mdogo wa Kenton-on-Sea uliokaa kati ya milango ya mito miwili, Bushmans na Kariega. Humo ndimo anamoishi samaki ambaye sijawahi kumwona na ambaye sasa namfikiria kuliko yule niliyemwona.

Ni ndugu wa farasi wa baharini, ila amenyooka. Mwembamba, wa sentimita kumi na kitu, mdomo mrefu, rangi ya majani yaliyochakaa. Baba hubeba mayai, vilevile. Jina lake ni Syngnathus watermeyeri, alilopewa mwaka 1963 na J.L.B. Smith, mwanasayansi yule yule aliyempa jina silikanti, yule samaki wa kale, mwaka 1939. Silikanti wetu wa Tanga wanajulikana dunia nzima na wana hifadhi yao. Huyu mwembamba hana hata jina la kuitwa na wavuvi wa kwetu, kwa kuwa hajawahi kufika kwetu, wala popote. Alijulikana kwenye milango michache inayofuatana: Kariega, Bushmans, Kasouga.

Miaka ikapita bila kuonekana. Katikati ya miaka ya 1990 akatangazwa kwamba ametoweka.

Haikuchukua muda, kundi dogo likapatikana mlango wa East Kleinemonde, ambao huzibwa na mchanga sehemu kubwa ya mwaka. Baadaye akaonekana tena Bushmans na Kariega. Leo milango hiyo miwili ndiyo makazi yake yanayojulikana, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, limemweka kwenye daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Sasa sikiliza kilichompata, kwa sababu hapa ndipo swali la mjomba lilipoingia.

Mto Kariega umewekewa mabwawa. Maji matamu yanayofika mlangoni ni kidogo sana, na kipindi cha ukame sehemu ya juu ya mlango, ile iliyo mbali na bahari, inakuwa na chumvi kuliko bahari yenyewe. Nyasi bahari zipo. Ukiangalia kwa juu, makazi yapo. Ukipiga picha, picha ni nzuri, maji ni maangavu kabisa. Alan Whitfield, aliyeitafiti milango ya mito ya Afrika Kusini kwa miongo mingi, alieleza kinachokosekana. Maji ya mto yanaposhuka na mvua huleta rutuba; rutuba hukuza vijimea vya kijani visivyoonekana kwa macho; hivyo huliwa na vijidudu vinavyoelea; na vijidudu hivyo ndivyo mdomo mwembamba wa samaki yule umeumbwa kuvifyonza. Mto usiposhuka, mnyororo huo haupo. Samaki anabaki ndani ya nyasi zilizokamilika, hana cha kula.

Maji maangavu ndiyo yaliyomwumiza.

Nilipolielewa hili nililazimika kusimama, nikatoka nje nikatembea. Farasi wa Knysna anaweza kushika waya kwa sababu juu ya waya ule yanapita maji yanayostahili: mto unashuka, bahari inaingia, mlango uko wazi mwaka mzima. Chukua waya ule ule, mawe yale yale, uyaweke juu ya mto uliofungwa Kariega, na hutapata kitu. Mwenye ramani ya mradi akiniambia "wanapenda waya," sasa najua pa kumshika. Nitamuuliza maji ya mto yatapita wapi, na kiasi gani, na msimu gani.

## Mabomba ya Makhanda

Lakini siwezi kuandika hivyo nikapita tu, kwa sababu maji yanayozuiwa kwenye Kariega yananywewa na watu.

Bwawa la Settlers liko kwenye mto huo, na linahudumia sehemu ya mji wa Makhanda, uliokuwa ukiitwa Grahamstown. Mwaka 2019 ukame ulipoikaba Eastern Cape, bwawa lile lilishuka vibaya, mji ukafika mahali pa kuhesabu siku za kuishiwa kabisa. Watu walipanga foleni na ndoo. Mimi nimeishi mtaa ambao maji yanatoka usiku wa manane mara moja kwa wiki, najua maana ya mama kuamka saa nane kukinga. Nani atasimama mbele ya foleni ile aseme fungueni bwawa, kuna samaki huko chini?

Na taasisi inayomtafiti samaki huyo, SAIAB, iko Makhanda hapo hapo, mji wenye mabomba yale yale. Waliogundua kwamba mlango wa Kariega unakosa maji ni watu wanaokinga maji kutoka bonde lilelile. Hawakuandika wakiwa mbali na foleni.

Hili limenichukua siku nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya makala hii. Nilianza kwa kutaka kusema kwamba vyote vinawezekana, kisha nikafuta, kwa kuwa kuna miaka ambayo kwa hakika haviwezekani. Mwaka wa ukame mkali, mtoto anakunywa kwanza. Sina mjadala na hilo.

Ila si kila mwaka ni mwaka wa ukame. Na maji yanayopotea kwenye mabomba chakavu ya mji hayamfikii mtoto wala samaki. Mlango wa mto hauhitaji maji mengi kila siku; unahitaji yaje kwa wakati wake, mvua inaponyesha, kwa wingi wa kutosha kushusha rutuba. Pigo moja la mafuriko madogo kwa msimu linaweza kuamsha ule mnyororo wote. Bwawa linalomeza kila tone la mvua ya kwanza ili lijae mapema linakula hasa lile pigo ambalo mlango ulikuwa unalingoja. Hapo kuna nafasi ya kupatana, na nafasi hiyo ni kubwa kuliko tunavyoambiwa na watu wanaopenda kutuchagulisha kati ya ndoo na samaki.

Afrika Kusini waliliandika kwenye sheria. Sheria yao ya Taifa ya Maji ya 1998 inataka kila mto uwe na akiba, kiasi cha maji kinachotengwa kabla ya mtu yeyote kupewa kibali cha kuchota. Akiba hiyo ina sehemu mbili: mahitaji ya msingi ya binadamu, na mahitaji ya mto wenyewe na viumbe wake. Mkulima, kiwanda, uwanja wa gofu, wote wanagawana kinachobaki. Kutekeleza ni kazi nyingine, na hali ya Kariega inaonyesha jinsi karatasi inavyoweza kutangulia mbali mbele ya mto. Lakini mto una haki iliyoandikwa, na raia anaweza kuidai kwa niaba yake.

## Kwetu

Tunayo sheria inayofanana. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaweka mahitaji ya nyumbani kwanza, kisha maji ya kulinda mazingira ya mto, na ndipo matumizi mengine. Niliisoma upya juzi nikiwa na Kariega kichwani, na vifungu ambavyo zamani niliviruka vilisomeka kwa sauti nyingine.

Delta ya Rufiji ina mikoko inayokadiriwa kufikia hekta 53,000. Juu yake, tangu Desemba 2022, bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 2,115. Umeme huo tunauhitaji, nauandikia makala hii. Sitaki bwawa libomolewe. Ninachokitaka nimekijua kwa kupitia samaki wawili na konokono mmoja wa nchi nyingine, na ni kitu kinachoweza kupimwa kwa kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi.

Tumezoea kuhesabu mikoko. Tunaihesabu kwa ndege, kwa satelaiti, kwa miche iliyopandwa siku za maadhimisho huku viongozi wakipigwa picha. Kariega ina nyasi zake, na samaki wake alikaribia kwisha ndani ya nyasi hizo. Mti uliosimama hauwezi kutuambia kama maji chini yake bado yanachanganyika inavyotakiwa.

Kwa hiyo nimeiandikia Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, kwa heshima, barua ya ukurasa mmoja. Nimeomba kujua kiasi cha maji kilichotengwa kwa ajili ya delta kwenye mpango wa kuendesha bwawa, mwezi kwa mwezi. Nimeuliza kama maji hayo yanaachiwa kwa kufuata masika au yanatoka sawasawa mwaka mzima kulingana na mahitaji ya mitambo, maana kwa kamba wa mjomba hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Na nimeomba chumvi ipimwe Nyamisati, Mbwera na Salale, bamvua na maji mafu, kuanzia mvua za kwanza za vuli, matokeo yabandikwe kwenye ofisi za vijiji ambako wavuvi watayasoma.